Mkono Wenye Nyasi

Wengine wakisikia harufu ya bangi wanawaza wahuni na vibaka. Mimi nawaza chai ya maziwa. Ndivyo nilivyolelewa, na sitamwomba mtu radhi. Mwezi uliopita tulipopanda mlimani kumzika Baba, vijana fulani walijibanza nyuma ya zizi wakati mchungaji anasoma, wakavuta mambo yao, na upepo ukatuletea mpaka kaburini. Akina mama wa usharika wakakunja nyuso. Mimi nikahisi mate yanajaa mdomoni, nikatamani kikombe cha chai, na papo hapo nikataka kulia, na wala si kwa ajili ya Baba.

Jeneza lilikuwa limeshashuka na udongo umeshajazwa. Kwenye ukoo wetu, hata mchungaji akimaliza amina yake, hubaki jambo moja dogo. Wafiwa wanaweka nyasi mbichi juu ya kaburi, kuonyesha kwamba wameachana na marehemu kwa amani, na anayeanza ni mke. Baba mkubwa, yaani kaka yake Baba, akachuma fungu la nyasi akampa mama yangu. "Mama, mwekee mzee," akasema. Mama akazipokea, kisha akasimama tu. Watu wanasubiri, yeye amesimama, nyasi mkononi, hamtazami yeyote. Nikamsikia shangazi mmoja ananong'ona nyuma yangu, "Huyu naye ana roho ngumu." Nilitamani nigeuke nimpe vidonge vyake. Roho ngumu! Mtu hajui lolote, anafungua tu mdomo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa kule juu, kabla ya msitu. Chini yetu kulikuwa na migomba na kahawa, halafu mahindi, halafu sisi na ukungu. Mahindi yenyewe huko kwetu yalidumaa kwa baridi, yakatoa vigunzi vya kuchezea watoto. Lakini katikati ya mistari ya mahindi kulikuwa na mimea mingine isiyojali baridi. Ilikuwa na majani membamba yenye meno pembeni, inanata mikononi kama utomvu wa fenesi, na jua likitoka baada ya ukungu ilitoa harufu nzito mpaka unahisi unaweza kuitafuna. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mama yangu, ambaye sisi kwa kikwetu tunamwita Yeyo. Alipanda, akapalilia, akapita mche kwa mche akitafuta madume ayang'oe. "Dume ukiliacha linaharibu shamba zima," aliniambia, na mara nyingine alipokuwa akisema hivyo alikuwa anatazama nyumbani, alikolala Baba.

Akishavuna majani, aliyapandisha darini, juu ya mafiga, yakauke taratibu kwa moshi. Chini yake ndipo tulipochemshia maziwa. Kwa hiyo chai yetu ilinukia, sweta zetu zilinukia, madaftari yetu yalinukia. Mwalimu wa darasa la pili hakuwahi kuniuliza kitu, maana na shati lake lilinukia hivyo hivyo. Neno bangi sikuwahi kulisikia nyumbani. Sisi tulisema majani. Majani ya juu, ili yasichanganywe na ya watu wa chini, ambayo Yeyo aliyadharau waziwazi. "Yale ni mchicha," alikuwa akisema.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe na fimbo. Ng'ombe wachache, fimbo nyingi. Akinywa alipiga, na asipokunywa alipiga kwa sababu hajanywa. Nasema hivi ili wale waliosimama kaburini wakisimulia upole wake wajue kwamba mimi pia nilikuwepo. Siku ya kwanza ninayoikumbuka vizuri, Yeyo alikuwa anamenya viazi nje. Sijui alijibu nini. Baba akamshukia na fimbo mgongoni, akampiga mpaka viazi vikatawanyika, akampiga akiwa amepiga magoti, damu ikatokea kwenye blauzi. Mimi nimeganda mlangoni. Halafu Yeyo akanyoosha mkono, akang'oa nyasi kidogo hapo hapo chini, akazinyanyua juu.

Fimbo ikasimama hewani. Nawaambia, ikasimama kabisa, utadhani imekamatwa na mtu kwa nyuma. Baba alikuwa anahema, mishipa imemtoka shingoni, lakini mkono haukushuka. Akatema mate, akaitupa fimbo, akaenda zake kwa ng'ombe.

Bibi yangu, mama yake Baba, ambaye tunamwita Koko, ndiye aliyenieleza. Aliniweka katikati ya magoti yake akanipaka samli kichwani. Akasema ng'ombe wanaishi kwa nyasi na sisi tunaishi kwa ng'ombe, kwa hiyo mtu akishashika nyasi ameshika uhai wa wote. Anayempiga huyo anaulaani mji wake mwenyewe, na ng'ombe wake watakwisha. "Hata vitani, mtu aliyeshika nyasi haguswi," akasema. "Hata na adui?" nikamuuliza. "Hata na adui." Basi nikalala usingizi mzuri. Mtoto anahitaji kitu kimoja tu cha kushikilia, na mimi nilikuwa nimepewa changu, tena kimejaa uwanja mzima.

Sasa, kulikuwa na kijana aliyekuja kuchukua mzigo, tukimwita Chalii wa Daraja Mbili, kwa mtaa wake wa mjini Arusha. Alikuja na pikipiki, anafika juu midomo imepauka kwa baridi, anapewa chai, halafu viroba vinafungwa chini ya karoti na kabichi. Alikuwa mcheshi. Siku moja nilimuuliza hayo majani yetu anayapeleka kwa nani.

"Kwa watu wa mjini, mdogo wangu. Wengine mpaka Dar. Kule wanayaita cha Arusha."

"Wanayafanyia nini?"

Akamtazama Yeyo, wakacheka. "Yanawatuliza. Mjini kuna vurugu sana. Mtu akishika majani ya mama yako, ugomvi wote unaisha."

Yeye alikuwa anatania. Mimi nikapiga hesabu zangu na zikatoka sawasawa. Nilikuwa nimeshapelekwa Daraja Mbili mara moja, kwa shangazi, na nilichokiona kule ni mabati, matope na mifereji. Nyasi hakuna. Sasa watu wa kule wakipigwa wanashika nini? Ndiyo maana Yeyo anawalimia. Na ndiyo maana yanalimwa juu, kwenye baridi, yakakaushwa na kutunzwa, kwa sababu ugomvi wa mjini ni mkubwa, hauwezi kuzuiwa na nyasi hizi za kukanyagwa na kuku. Unahitaji za nguvu. Jamani, nilijivuna! Shuleni watoto wengine mama zao walilima viazi. Mama yangu alikuwa analimia watu amani.

Askari walikuja asubuhi, ukungu haujaondoka. Tulianza kusikia kelele chini, mbwa, halafu mlio wa bunduki, halafu kelele za wanawake. Magari yao yalikuwa yamekwama kwenye mawe ambayo vijana waliyaporomosha barabarani, na wakati wa kuyaondoa mmoja wao akapigwa jiwe usoni. Kwa hiyo walipanda kwa miguu wakiwa wameshaumia, wana hasira, wanapiga kila waliyemkuta. Walikuwa na mapanga na mafyekeo ya shamba, na marungu ya watu. Sisi tulikuwa wa mwisho juu. Mpaka wanatufikia walikuwa wamechoka, na nimejifunza ukubwani kwamba mtu mkatili akichoka ndipo huwa mbaya zaidi.

Kiongozi wao alikuwa mnene, anahema kwa nguvu, sisi wa juu tungemwonea huruma siku nyingine. Yeyo alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, afande."

"Shamba la nani hili?"

"La Mungu."

Ulimi wa Yeyo huo, haujawahi kupumzika. Kofi likamtupa chini. Akaulizwa tena, akanyamaza, wakaanza na marungu. Walikuwa wawili wakipokezana, huyu akihema yule anaingia. Walimpiga miguuni, walimpiga mbavuni, akajikunja wakamkunjua kwa viatu. Alilia mara moja tu, kilio kifupi, halafu akawa anaguna tu kila rungu linaposhuka. Shamba zima linafyekwa nyuma yake, fyu, fyu, harufu imejaa mpaka machozi yanatoka. Nilijiuliza kwa nini hashiki nyasi. Baadaye nilielewa kwamba mikono walikuwa wameikanyaga.

Baba akatokea zizini. Nilidhani atapigana, na Mungu anisamehe, siku hiyo nilimpenda. Lakini hakuwa na fimbo. Aliinama, akang'oa nyasi, akaenda mpaka mbele ya yule mnene, akanyoosha mkono. Baba yangu, ambaye hakumwinamia mtu yeyote, hata mchungaji, akapiga goti. Koko akaacha kupiga mayowe. Hata mimi nikavuta pumzi, nikajua sasa yamekwisha.

"Unanipa nini?" yule mnene akauliza. "Unanihonga nyasi? Mimi mbuzi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Akaliinua rungu lake akalishusha kwenye mkono ule ule ulionyooshwa. Ulilia kama bua kavu la mahindi unapolivunja kwa goti. Vidole vikageukia upande usio wao, na nyasi zikaanguka.

Koko akamfuata mmoja wa wale askari. Alikuwa amemtambua. Chini ya kofia yake masikio yalikuwa yametobolewa, ndewe zinaning'inia, wa kwetu kabisa huyo. Akamwambia kwa lugha yetu, "Mwanangu, wewe si unaona? Ameshika nyasi." Yule kijana alisikia. Najua alisikia kwa sababu alirudi hatua nyuma, na uso wake ukabadilika rangi. Halafu akajibu kwa Kiswahili, "Bibi, kaa pembeni." Kati ya wote, namchukia huyo. Yule mnene hakujua anapiga nini. Huyu alijua.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nyasi alizoshika Baba zilikuwa za kawaida, za uwanjani. Hawa ni watu wa mjini, wana ugomvi wa mjini. Nikakimbia shambani, kwenye kona ambayo walikuwa hawajaifikia, nikakamata mche mmoja uliojaa vizuri, nikaung'ang'ania kwa mikono miwili mpaka ukatoka na mizizi na udongo. Ulikuwa mrefu kuliko mimi. Nikarudi nao nakimbia, nikasimama kati ya yule mnene na Baba, nikaunyanyua juu kadiri mikono yangu ilivyoweza kufika.

Kisha mmoja akasema, "Afande, mtoto kajileta na kidhibiti!" Loo, walicheka. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Yule mnene akaupokea mche wangu, akanipiga nao usoni kwa mizizi yake, udongo ukaniingia machoni. Akamgeukia Baba. "Mzee, mwanao kakuletea chakula." Wakamshika kichwa, wakamkandamiza shingo kwa kitako cha bunduki, wakaanza kumshindilia majani mdomoni. "Tafuna. Tafuna, baba!" Akatafuna. Akatapika, wakamrudishia. Mate ya kijani yalimshuka kidevuni mpaka kifuani, mbele ya mama yake, mbele ya mke wake aliyelala chini, mbele yangu.

Watu wa maombi wameniambia sana nisijilaumu. Sijilaumu hata kidogo. Nilikuwa mtoto, nilishika kitu kile nilichoambiwa hata adui anakiheshimu. Nawalaumu wao, na nitawalaumu mpaka naingia kaburini.

Waliangusha dari, wakakusanya majani makavu na mabichi, wakamwaga petroli, wakawasha. Moshi ulikuwa mzito na mweupe, ukakaa uwanjani bila kuondoka kwa sababu ya ukungu. Kuku wakawa wanayumba. Na mimi, nikiwa nimekaa karibu na kichwa cha Yeyo, nafuta damu kwa sweta yangu ya shule, nikaanza kucheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. Nilicheka huku nalia, nikashindwa kujizuia, na Koko akanizaba kofi akanivuta mbali na moto. Yeyo alikuwa ananitazama kwa jicho lake moja lililokuwa bado linafunguka.

Baba walimchukua. Akarudi baada ya mavuno ya watu wengine, amekonda, vidole vimejiunga vibaya, havikunji. Kukamua hawezi, na panga halishiki. Aliacha kabisa kunywa chai. Ukimwekea kikombe mbele anakisukuma, anasema kinanuka. Akawa anakaa zizini mchana kutwa bila kusema. Yeyo alikuwa anachechemea na bado anahangaika, anauza viazi, anamwogesha mtu mzima kama mtoto. Nilidhani tumeshamaliza vurugu zetu. Nani angebaki na hamu ya kupiga baada ya yale?

Thubutu. Ilikuwa mchana, jua limetoka, Yeyo anaanika mahindi. Nakumbuka alimwambia tu, kwa sauti ya kawaida, "Baba, sogea kidogo, umekanyaga turubai." Akaokota fimbo kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza likampata begani. La pili shingoni. Yeyo akaenda chini, na kama nilivyomwona siku ile ya viazi, akanyoosha mkono akang'oa nyasi, akazinyanyua.

Fimbo ikasimama. Namshukuru Mungu, nikasema moyoni, ikasimama. Baba akazitazama zile nyasi. Akautazama mkono wake mbovu. Uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa kama wa mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Hizo?" akasema. "Hizo mimi nilizishika."

Akapiga. Alianza na mkono ule wenye nyasi, akaupiga mpaka ukaachia, halafu akaendelea na vingine vyote, mgongo, kichwa, mbavu zile zile za askari. Koko akaja mbio akajilaza juu ya Yeyo, na fimbo ikamshukia na yeye. Hapo ndipo Baba alipoacha. Alikuwa amempiga mama yake mzazi. Koko akainuka polepole, akajikung'uta vumbi, akamwambia kwa utulivu, "Leo sina mtoto." Akaingia ndani. Mpaka Koko anakufa, hakumsemesha tena.

Kesho yake Yeyo alinishika mkono tukateremka. Tulipita shambani, miche michache ilikuwa imeshachipua yenyewe kutoka kwenye majivu, kijani kabisa, lakini Yeyo hakuitazama. Tulifikia kwa shangazi Daraja Mbili, akaanza kuuza mboga sokoni, mnafu na sukuma wiki, na sasa anakaa na mimi hapa mjini, Kwa Mrombo. Mlimani hakurudi kuishi. Mara mojamoja Chalii tulimwona mjini, anageuza uso. Na mimi nikakua, nikajua bangi ni nini na watu wanaifanyia nini, na nilipojua niliona aibu kidogo kwa yule mtoto, halafu nikamkasirikia kila mtu aliyeniacha niamini.

Basi ndiyo hizo nyasi. Ndizo alizokuwa ameshika Yeyo pale kaburini, ukoo mzima unamsubiri ainame. Mchungaji akakohoa. Baba mkubwa akamsogelea, akarudia kwa upole, kwa sababu ni mtu mwema yule, "Mama, mwekee nyasi, apumzike."

Yeyo akafungua kiganja akazitazama. Vidole vyake navyo havinyooki vizuri siku hizi. Akasema kwa lugha yetu, bila kupaza sauti, lakini kila mtu alisikia, "Za kwangu ulizipiga. Hizi sikupi."

Shangazi wa roho ngumu akainamisha kichwa. Kando ya kaburi, kwenye nguzo ya ua, kulikuwa na ndama amefungwa, mdogo, pua bado laini. Yeyo akachechemea mpaka kwake, akampa zile nyasi kidogokidogo kutoka mkononi. Ndama akazila zote, akalamba na kiganja. Yeyo akajifuta kwenye kanga, akaniambia twende, maana gari lisije likatuacha.